Pa Kulala Njiani: Kilosa, Mikumi na Kituo cha Wafaransa cha Kondoa

Mji wa Kilosa, ulioko katika Mkoa wa Morogoro mahali ambapo Mto Mkondoa hutoka katika milima ya Usagara na kuingia katika uwanda wa Mkata, haukuanza kama ngome, wala bandari, wala makao ya mfalme, bali kama mahali pa kulala. Misafara iliyotoka pwani ilifika hapo ikiwa imechoshwa na tambarare yenye tope, ikapumzika na kununua chakula kabla ya kukabili milima. Iliyotoka bara ilishuka hapo na kujiandaa kuuvuka uwanda. Kila njia mpya iliyofuata, iwe reli, barabara ya lami au reli ya umeme, ilihamisha mahali pa kulala, na kila palipohamishwa, makazi fulani yalistawi na mengine yakasinyaa. Kwa hiyo mgeni anayetaka kuielewa Kilosa, pamoja na Mikumi iliyo kusini yake, hana budi kuuliza swali lilelile katika kila kipindi: wasafiri wa wakati ule walilala wapi, na ni nani aliyewapokea?

Kwa miaka ya 1880, sehemu ya jibu inawahusu Wafaransa. Mwezi Septemba 1876, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliwaita wanajiografia na wasafiri mjini Brussels, na mkutano huo ukazaa Chama cha Kimataifa cha Afrika, ambacho kilijinadi kuwa chombo cha sayansi na cha kupinga biashara ya utumwa. Chama hicho kilikusudia kujenga kile kilichoitwa vituo vya ukarimu na sayansi, yaani nyumba za kudumu zilizopangwa kando ya njia kuu za misafara, ambamo msafiri wa Ulaya wa taifa lolote angepata malazi, chakula, vifaa na habari za njia, na ambamo wenyeji wa kituo wangepima hali ya hewa na kuchora ramani. Kila taifa liliunda kamati yake. Wabelgiji walifungua kituo cha Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1879, na kamati ya Ufaransa, iliyohusishwa na Ferdinand de Lesseps, yule aliyesimamia uchimbaji wa Mfereji wa Suez, iliamua mwaka 1880 kupanda mbegu mbili kwa wakati mmoja: upande wa magharibi, Pierre Savorgnan de Brazza alianzisha Franceville katika nchi ambayo leo ni Gabon, na upande wa mashariki, Kapteni Bloyet alitumwa kuanzisha kituo Kondoa ya Usagara. Kondoa hiyo, ambayo haipaswi kuchanganywa na Kondoa Irangi ya Mkoa wa Dodoma, ilikuwa katika bonde la Mkondoa, umbali mfupi tu kutoka Kilosa ya leo.

Uchaguzi wa mahali haukuwa wa kubahatisha, kwa kuwa njia iliyoanzia Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilikuwa na vizuizi viwili vikubwa katika sehemu yake ya kwanza, navyo ni uwanda wa Mkata na milima ya Usagara, na Kondoa ilikuwa katikati ya vyote viwili. Richard Burton na John Speke walipita katika milima hiyo mwaka 1857 wakielekea Ziwa Tanganyika. Henry Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone mwaka 1871, aliingia Mkata wakati wa masika, na maelezo yake ya matope, homa na kuhara damu yaliufanya uwanda huo ujulikane Ulaya kama mahali pa mateso. Wapagazi, yaani watu waliobeba mizigo ya misafara kwa ujira, walikuwa wameijua hali hiyo muda mrefu kabla ya Mzungu yeyote kuiandika, na kirangozi, yaani kiongozi aliyetangulia mbele ya msafara na kuamua pa kupiga kambi, alihesabu safari yake kwa maji, chakula na usalama wa usiku. Kondoa ilikuwa na vyote vitatu: mto usiokauka upesi, mashamba ya Wasagara waliouza nafaka, na vijiji vilivyozoea wageni.

Jambo hili lina uzito kwa sababu kituo cha Bloyet kilichukua jina la ukarimu katika nchi ambayo tayari ilikuwa na utaratibu wake wa ukarimu. Misafara haikulala bure: wakuu wa njiani walitoza hongo, neno ambalo wakati ule lilimaanisha ushuru wa kupita uliolipwa kwa nguo, shanga au waya wa shaba, na malipo hayo yaliambatana na haki ya kuteka maji, kununua chakula na kulala bila kushambuliwa. Methali isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, inaeleza vyema mpaka uliowekwa na utaratibu huo, kwamba anayepita hupokewa kama mgeni, lakini anayekaa hupewa wajibu wa kufanya kazi chini ya masharti ya mwenyeji. Kituo cha Wafaransa kilikuwa mgeni wa aina ya pili asiyepewa jembe, kwani kilikaa, kikapokea wageni wake chenyewe, na kikaanza kuitazama njia kana kwamba ni mali ya wanaoipita. Nia ya Bloyet mwenyewe inaweza kuwa ilikuwa ya kisayansi, lakini wazo kwamba Mzungu anaweza kuwa mwenyeji katika nchi ya Wasagara lilikwisha kuota mizizi.

Wazo hilo halikuchukua muda kutumiwa na watu wenye nia nyingine. Mwishoni mwa mwaka 1884, Mjerumani Carl Peters na wenzake walipita katika Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami wakikusanya karatasi walizoziita mikataba, zilizoandikwa kwa Kijerumani na kutiwa alama na watu ambao hawakuisoma lugha hiyo. Uliojulikana kuliko yote ni ule wa tarehe 29 Novemba 1884 na Mangungo wa Msovero, ambao ulidai kwamba mtawala huyo ameikabidhi nchi yake pamoja na haki zote kwa wageni waliokuwa wamefika hivi karibuni tu. Msowero, kama inavyoandikwa leo, iko katika barabara itokayo Dumila kwenda Kilosa, na abiria wengi huipita bila kujua kwamba jina lake limo katika vitabu vya historia vya shule za Tanzania. Mangungo hajasahauliwa katika mazungumzo ya umma: mikataba ya madini inapolaumiwa kuwa imetoa mali ya nchi kwa bei ya kutupa, wabunge na waandishi wa magazeti huiita ya Kimangungo, matumizi ambayo kwa haki yangepaswa kumlaumu zaidi yule aliyeiandika karatasi kuliko yule aliyewekewa mbele.

Tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kuhusu Afrika kufungwa, Kaisari Wilhelm wa Kwanza alitoa hati ya ulinzi iliyozifanya karatasi za Peters kuwa msingi wa madai ya Ujerumani juu ya maeneo hayo. Kuanzia hapo kituo cha Kondoa kilikosa sababu ya kuwapo, kwa kuwa Ufaransa haikuwa na haja ya kuwatunzia wasafiri nyumba katika nchi iliyodaiwa na Ujerumani. Ulinganisho na Franceville ndio unaotoa funzo. Vituo hivyo viwili vilitoka kwa kamati moja, katika mwaka mmoja na kwa madhumuni yaleyale. Lakini kwa kuwa Gabon iliangukia mikononi mwa Ufaransa, Franceville ilikua hadi kuwa mmoja wa miji mikubwa ya nchi hiyo na bado inabeba jina la Ufaransa, ilhali Kondoa ya Usagara haikuacha mji wa Kifaransa hata kidogo. Kilichoamua hatima ya kila kimoja hakikuwa ubora wa jengo wala bidii ya aliyelijenga, bali ni bendera gani ilipandishwa juu ya njia iliyopita mlangoni.

Ufaransa, hata hivyo, iliacha alama nyingine iliyodumu zaidi, nayo ni ya wamisionari. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, ambao wengi wao walitoka Ufaransa na Alsace, walikuwa wamefungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, wakafuata njia ya bara hadi Mhonda mwaka 1877, na katika miaka ya 1880 wakafika Mandera, Morogoro na Ilonga, ambayo katika ramani na barua zao iliandikwa La Longa. Misheni ya wakati ule ilikuwa shamba, shule, zahanati na nyumba ya wageni kwa pamoja, na msafiri mgonjwa aliyefikishwa hapo alipata kitanda hata kama hakuwa wa dini hiyo. Ilonga ya leo, iliyo kilomita chache kutoka Kilosa mjini, inajulikana zaidi kwa chuo cha ualimu na kwa kituo cha utafiti wa kilimo, ambako mbegu za mahindi, mtama na mikunde hufanyiwa majaribio kabla ya kufikishwa kwa wakulima. Kwa maana hiyo ni moja ya sehemu chache za wilaya ambako wageni bado hufika kwa ajili ya kukaa na kujifunza.

Msomaji anayefikiria mji wa kihistoria kwa mfano wa Ufaransa yenyewe huenda akaona kwamba Kilosa haina cha kutazamwa, na hapo inafaa kukumbuka kisa cha Carcassonne. Mji huo wa kusini mwa Ufaransa, wenye kuta mbili za mawe na minara 52, hupokea watalii wengi wanaolala katika hoteli zilizo ndani ya kuta au katika mji wa chini uliopo ng'ambo ya mto, ambako maisha ya kila siku ya wakazi huendelea. Wachache wao hujua kwamba katikati ya karne ya 19 serikali ya Ufaransa iliziondoa kuta hizo katika orodha ya ngome zake, kwa hiyo zingeweza kubomolewa na mawe yake kuuzwa, na kwamba ziliokolewa na malalamiko ya wenyeji pamoja na mwandishi Prosper Mérimée, aliyekuwa mkaguzi wa majengo ya kale. Msanifu Eugène Viollet-le-Duc alianza kuzikarabati mwaka 1853, akaongeza paa za minara kwa namna ambayo wataalamu wanaibishania hadi leo, na UNESCO ikauingiza mji huo katika Urithi wa Dunia mwaka 1997. Ukale wa Carcassonne, basi, ni wa kweli, lakini kuonekana kwake ni matokeo ya uamuzi uliofanywa na watu, na ya fedha zilizotengwa kwa ajili hiyo. Kilosa haina upungufu wa ukale. Upungufu wake ni kwamba hakuna aliyekwisha kuamua ni nini kati ya mambo yake kionyeshwe, na kionyeshwe wapi.

Kinachoonekana kwa urahisi zaidi ni reli. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, mwaka uleule ambao Vita vya Maji Maji vililipuka na kuenea hadi kwa Wavidunda wa milima iliyo kusini ya Kilosa. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Kilosa mwaka 1909 na Kigoma mwaka 1914, na kwa kufuata bonde la Mkondoa ilithibitisha kwamba virangozi hawakukosea, kwa kuwa wahandisi hawakupata mlango mwingine ulio rahisi zaidi wa kuipenya milima. Tofauti ni kwamba treni haikuhitaji kusimama kila jioni. Kambi nyingi za misafara zilipoteza kazi yake, na mahali pa kulala pakakusanyika penye stesheni, ambako maduka ya Wahindi, ofisi za serikali na nyumba za wafanyakazi wa reli zilijengwa. Majeshi ya Uingereza na washirika wake yaliposonga kuifuata reli hiyo katika Vita Kuu ya Kwanza, yaliichukua Kilosa mwezi Agosti 1916, na utawala ukabadilika bila mpangilio wa mji kubadilika.

Reli ilileta pia watu ambao hawakuja kupita. Mashamba ya mkonge ya Kimamba, Rudewa na Msowero, baadhi yakimilikiwa na walowezi wa Kigiriki, yalihitaji manamba, yaani vibarua wa mkataba waliosafirishwa kutoka mikoa ya mbali na kupewa namba za kazi, na wengi wao mikataba ilipokwisha waliamua kubaki, wakaoa, wakafungua mashamba yao. Wafugaji wa Kibaraguyu na Kimasai nao waliufuata uwanda kwa ajili ya malisho, wakakutana na wakulima waliokuwa wakipanua mashamba, na mgongano wa mahitaji hayo umewahi kuigharimu wilaya damu nyingi, ukiwamo ule wa Desemba 2000 huko Rudewa Mbuyuni, uliochukua maisha ya watu zaidi ya 30. Swali la nani ni mgeni na nani ni mwenyeji, ambalo kituo cha Kondoa kiliuliza kwa mara ya kwanza kwa sura ya kikoloni, limebaki kuwa swali la ardhi, na mtembeaji anayesikia Kisagara, Kikaguru, Kividunda, Kimasai na Kiswahili cha lafudhi nyingi katika soko la Kilosa anasikia orodha ya watu waliowahi kupewa, kununua au kugombea nafasi ya kukaa.

Mto wenyewe umeendelea kudai nafasi yake. Mkondoa hupokea maji kutoka nyanda kavu za Dodoma kupitia Mto Kinyasungwe, hubeba mchanga mwingi, na mwisho wake huungana na maji ya Mkata kuwa Mto Wami unaomwagika Bahari ya Hindi. Mvua za mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 ziliufanya uvunje kingo zake, ukawaacha maelfu ya wakazi wa Kilosa wakiishi katika mahema, na ukaharibu njia ya reli kati ya Kilosa na Gulwe kwa kiasi kwamba treni za abiria zilisimama kwa miezi. Bonde lililokuwa mlango wa misafara ndilo pia njia ya mafuriko, na kila aliyechagua kujenga hapo, kuanzia mwanakijiji hadi mhandisi wa Kijerumani, alikubali faida na hatari kwa pamoja.

Kutoka Kilosa kwenda Mikumi, msafiri hufuata upande wa kusini, sambamba na tawi la reli linaloelekea Kidatu kwenye viwanda vya sukari vya bonde la Kilombero, akipita katika kata iitwayo Ulaya, ambayo huwaruhusu madereva wa daladala kutangaza safari ya Ulaya kwa nauli ya kawaida. Mikumi ni mji wa njia ya aina nyingine, kwani ulikuzwa na barabara. Barabara ya Morogoro hadi Iringa ilipotengenezwa katika miaka ya mwanzo ya 1950 iliwafungulia wawindaji mlango wa kuingia uwandani, na upungufu wa wanyama uliofuata ulichangia kutangazwa kwa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi mwaka 1964, ambayo kwa sasa ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Mwaka uliofuata, walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru, Zambia ikalazimika kutafuta njia ya bahari isiyopita kwao, na barabara hiyohiyo ikajaa malori ya shaba na mafuta. Bomba la mafuta la TAZAMA kutoka Dar es Salaam hadi Ndola lilikamilika mwaka 1968. Madereva walihitaji pa kulala, na mji wa Mikumi ukawajengea gesti, migahawa na gereji.

Ndani ya hifadhi barabara kuu hupita kwa takriban kilomita 50, na abiria wa basi huona tembo, twiga, pundamilia na nyati kutoka dirishani bila kulipa kiingilio, huku mwendo wa magari ukiwa umewekewa kikomo na dereva anayegonga mnyama akitozwa faini kulingana na aina ya mnyama huyo. Urahisi huo una hasara yake, kwa kuwa wengi huridhika na kile walichokiona kwa muda mfupi na kuendelea na safari. Anayelala Mikumi na kuingia hifadhini alfajiri hukuta uwanda wa Mkata ukiwa na sura tofauti: makundi ya nyumbu na swala yaliyotulia, viboko waliorudi bwawani baada ya malisho ya usiku, na pofu wakiwa mbali penye vichaka. Msimu wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, ndio unaofaa zaidi, kwani wakati wa masika udongo mweusi wa Mkata hunasa magari kwa uhodari uleule uliowanasa wapagazi wa Stanley. Uwanda uliokuwa kikwazo cha kuepukwa umekuwa kitu cha kulipiwa, bila ya tope lake kubadilika.

Mgeni atakayepanga kulala usiku mmoja Kilosa na mwingine Mikumi ataziona historia hizo mbili zikiwa kando kwa kando. Kilosa nyumba za kulala wageni ni za kawaida, zimejengwa kwa ajili ya watumishi, wafanyabiashara wa mazao na ndugu waliokuja msibani au harusini, na chakula chake ni kile cha wenyeji: ugali au wali wa mpunga wa mabondeni, maharage na mboga za majani. Mikumi kuna ngazi mbili, kwa maana ya gesti za madereva kando ya lami na loji za watalii ndani na pembezoni mwa hifadhi, ambazo bei zake hutofautiana kwa kiasi kikubwa ingawa wageni wa pande zote mbili wamefuata barabara ileile.

Reli ya kisasa ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi Julai mwaka huohuo, imeongeza sura mpya katika mfululizo huu. Treni zinazoweza kwenda kilomita 160 kwa saa hupita katika mahandaki yaliyotobolewa kwenye milima ya Kilosa, na mahali ambapo misafara ilitumia siku kadhaa kujikusanyia nguvu, abiria hutumia dakika. Kilosa ina stesheni katika reli hiyo, lakini hakuna msafiri wa kwenda bara anayelazimika kulala hapo. Kulala Kilosa kumekuwa jambo la hiari, na hiari huhitaji sababu. Sababu hizo zipo tayari, kuanzia Msowero na karatasi yake, Ilonga na misheni yake, Kondoa na kituo chake, hadi bonde lililowaongoza wapagazi na wahandisi kwa pamoja; kinachobaki ni halmashauri, shule na wenyeji waziwekee alama, njia na wasimulizi, kabla mji uliolishwa na wapitao haujazoea kupitwa.